Mkwe ananilisha maini, wifi anasema yatamdhuru mtoto

Assalaam alaykum Bi Mshauri,

Mimi ni mwanamke wa miaka 28, naishi Wete, Pemba, nyumba moja na wakwe zangu. Nina mtoto wa kike wa miaka mitatu, na sasa nina mimba ya wiki 15.

Nilipoanza kliniki wiki ya tisa nilipimwa damu, ikatoka 9.4. Muuguzi akaniambia damu ni ndogo, akanipa vidonge vya kuongeza damu nimeze kimoja kila siku. Mkwe wangu aliposikia tu, hakungoja la pili. Ana mtu wake sokoni, basi kila Jumanne na Ijumaa analetewa nusu kilo ya maini ya ng'ombe, asubuhi mapema. Anayakata mwenyewe, anayakaanga na vitunguu na pilipili manga, ananiwekea sahani na kusimama mlangoni mpaka anione nimekula. Hakuna mwengine anayegusa isipokuwa mwanangu, anapewa vipande viwili vitatu. Yakibaki nala kesho yake.

Mimi nikiomba steki kidogo ya mchuzi, ananiambia steki ni nyama ya kushibia tu, damu iko kwenye maini, na hata dini imeyataja. Vile vidonge nilivimeza siku kumi nikaviacha. Vilinifunga choo, na kidogo kilichotoka kilikuwa cheusi kama lami, nikaogopa. Mkwe akasema, "Ya nini kujitesa na vidonge na maini yapo?" Nikaona kweli.

Mwezi uliopita wifi yangu alikuja kutoka Unguja anakosoma. Akanikuta na sahani yangu, akashtuka. Akaniambia nchi za wenzetu mjamzito anakatazwa maini kabisa, kwamba yana vitamini A nyingi na mtoto anaweza kuzaliwa na kasoro. Akanionesha kwenye simu. Tokea siku hiyo usingizi sina. Ijumaa iliyofuata mkwe alipogeuka nikampa paka sahani nzima dirishani. Alimwona. Hakusema kitu mbele ya watu, ila jioni aliniambia, "Kama chakula changu hukitaki, sema, usinidhalilishe kwa paka." Maini bado analeta, lakini ananiwekea na kuondoka bila neno. Nala kwa aibu, halafu nalia.

Mume wangu ana jongo la kidole gumba cha mguu, daktari amemkataza maini na figo, kwa hiyo steki ya nyumbani ni yake. Nikimweleza anasema, "Hayo malizaneni na mama."

Nimeshamdhuru mtoto wangu? Niache maini au niendelee? Kipi bora kweli, maini au steki? Na nimwambie nini mkwe wangu, ambaye kusema kweli ananipenda?

Mwenye mawazo, Wete

*

Waalaykumu salaam, mwanangu.

Una mkwe anayekutibu kwa dawa anayoijua, una wifi aliyekutisha kwa jambo la kweli lakini hakulimaliza, na una pakiti ya vidonge iliyolala kwenye droo. Hao wawili wa mwanzo ndio waliojaza barua yako. Nitakujibu maswali yao, lakini ile pakiti nitairudia, maana huenda ndiyo yenye uzito kuliko yote.

Nianze na linalokunyima usingizi. Ini ni ghala. Ng'ombe anakula majani mwaka mzima, na vitamini A anayoitengeneza humo haiendi kukaa kwenye paja wala mbavu, inawekwa akiba kwenye ini. Ndiyo maana gramu 100 za ini bichi la ng'ombe huwa na vitamini A mikrogramu 5,000 hivi, na steki ya uzito huohuo karibu haina kitu. Mjamzito anahitaji 770 kwa siku, na kikomo kinachowekwa kwa siku ni 3,000. Chukua kiberiti cha jikoni ukiweke juu ya ubao: kipande cha ini cha ukubwa ule kina gramu 30 hivi. Viwili vinakufikisha kwenye kikomo cha siku. Nusu kilo ya mkwe wako ni viberiti 16. Ukitoa vya mwanao, wewe umekuwa ukila karibu gramu 900 kwa wiki, yaani wastani wa vitamini A zaidi ya mikrogramu 6,000 kila siku, mara mbili ya kikomo. Kuyakaanga hakusaidii, wala kuyaosha au kuyaloweka, maana vitamini hii haiyeyuki kwenye maji.

Kwa hiyo wifi yako hakuzua. Uingereza, kwa mfano, wajawazito wanashauriwa wasile maini kabisa. Lakini kikomo si ukuta ambao ukiuvuka tu mtoto ameharibika. Mwaka 1995 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliofuatilia wajawazito zaidi ya 22,000. Miongoni mwa waliotumia kila siku vidonge vya vitamini A vya zaidi ya kile kikomo, watafiti walikadiria kuwa mtoto mmoja kati ya 57 hivi alipata kasoro iliyotokana na vidonge hivyo. Si jambo la kupuuza, hata kidogo. Ila pia liko mbali sana na picha uliyolala nayo tangu siku ile ya simu. Kipindi cha hatari zaidi ni miezi mitatu ya mwanzo, viungo vinapojengwa, na wewe ulianza wiki ya tisa, sehemu ya kazi hiyo ikiwa imeshafanyika na sehemu bado. Hakuna mtu wa kukwambia kwa barua kwamba mtoto yu salama au ameguswa. Kinachoweza kufanyika ni kumwambia daktari wako wazi: nilikula kiasi hiki, tangu wiki ya tisa, kwa wiki sita. Kisha uulizie kipimo cha utrasaundi kati ya wiki ya 18 na ya 22, wakati viungo vya mtoto huangaliwa kimoja kimoja. Una wiki tatu mbele yako. Mwambie kiasi halisi, usipunguze kwa kuona haya.

Na usije ukakimbilia upande wa pili ukaiogopa vitamini A yenyewe. Ikipungua mwilini, mtu haoni vizuri magharibi ikiingia, na mjamzito anaihitaji. Mtoriro, mchicha, maboga, papai lililoiva na embe zina ile ya mimea, ambayo mwili hugeuza kwa kadiri unavyohitaji. Hiyo hailimbikizi madhara haya tunayoyazungumza. Angalia tu usiwe unameza na mafuta ya ini la samaki, au vidonge vya vitamini mchanganyiko vya dukani vyenye vitamini A, juu ya maini.

Sasa steki na maini. Neno la mkwe wako kwamba steki ni ya kushibia tu, hebu tulipime. Kwa protini zinakaribiana sana, gramu 20 au zaidi kidogo kwa kila gramu 100 mbichi. Zinki pia, miligramu 4 hadi 5 kila upande. Vitamini B12, ini lina mikrogramu 60 hivi na steki mbili na ushei. Tofauti inaonekana kama mlima na kichuguu mpaka ukumbuke kwamba mjamzito anahitaji 2.6 tu kwa siku, na steki yenye mchuzi wa samaki kesho yake inakutosha. Alipopatia hasa mkwe wako ni kwenye foleti: ini lina mikrogramu 290, steki haifiki 10, na mjamzito anatakiwa apate 600. Foleti ni ya kutengeneza damu na ni ya uti wa mgongo wa mtoto. Mama huyu hakusoma jedwali lolote, lakini kuna kitu watu wa zamani walikiona.

Kwenye chuma, ini lina miligramu 5 hivi na steki 2 hadi 2.5. Mara mbili, basi. Ila chuma si cha aina moja. Kile cha steki sehemu kubwa kimefungwa kwenye ile rangi nyekundu ya msuli, na hicho ndicho utumbo wa binadamu unachokipokea kwa wepesi. Cha ini sehemu kubwa ni cha akiba, kimekunjwa ghalani, na mwili hukivuta kwa taabu zaidi. Kwa hiyo ule mara mbili wa kwenye karatasi haufiki mara mbili kwenye damu. Steki yako ya mchuzi ina dawa yake.

Halafu fanya hesabu hii pamoja na mkwe wako, kama ataikubali. Mjamzito anahitaji chuma miligramu 27 kwa siku, na hiyo ni kwa mwenye damu ya kutosha. Ungekula ile nusu kilo nzima kwa siku moja, peke yako, ungepata 24 au 25. Hujafika bado, na vitamini A imeshakuwa mara nane ya kikomo. Kidonge kimoja cha kliniki kwa kawaida kina chuma miligramu 60, pamoja na foleti. Ndiyo maana nimesema ile pakiti ina uzito. Uliviacha ukiamini maini yanashika nafasi yake, na hapo ndipo ninapokuomba upatazame upya. Damu ya 9.4 kwa mjamzito ni upungufu wa wastani. Si wa kukimbizwa hospitali usiku, lakini si wa kutibiwa kwa kikaango peke yake, chochote kilichomo.

Choo cheusi kilichokutisha ni chuma ambacho hakikufyonzwa, kinatoka. Ni kawaida. Kufunga choo ndiko kero ya kweli na wengi huviacha kwa sababu hiyo. Watu hujaribu kumeza usiku kabla ya kulala badala ya asubuhi, kunywa maji zaidi ya mazoea, na papai asubuhi. Kikikushinda hata hivyo, mwambie muuguzi aangalie dozi au aina. Tatizo ni kuacha kimya kimya, kwa sababu yeye kwenye kadi yako anaona mtu anayemeza, na damu isipopanda ataanza kutafuta sababu nyingine. Kimeze kwa maji ya ndimu, ya ukwaju au chungwa, si kwa maziwa. Na chai, mwanangu. Chai ya rangi ikinywewa juu ya chakula au kidonge inazuia chuma kisiingie. Iache ikae saa moja au mbili mbali. Hukutaja chai kwenye barua, lakini Wete bila chai ya asubuhi na ya jioni sijui kama ipo.

Kuna dhana nyingine nataka uiguse polepole: kwamba damu imepungua kwa sababu ya chakula. Inawezekana. Inawezekana pia inavuja. Minyoo ya safura hunywa damu utumboni kidogo kidogo kwa miezi. Kichocho kipo Unguja na Pemba, na mtu anaweza kukojoa damu bila kuiona kwa macho. Malaria imepungua sana visiwani lakini haijaisha. Wengine wana selimundu kwenye ukoo na hawajawahi kupimwa. Mwenye minyoo akila maini ni sawa na kujaza ndoo iliyotoboka. Uliza kliniki kama umepimwa mkojo na choo. Dawa za minyoo hutolewa kwa wajawazito baada ya miezi mitatu ya mwanzo, na wewe umeshaivuka.

Turudi kwenye sahani. Kati ya maini kila siku na kutokula kitu cha ndani kabisa kuna njia nyingi, na kila moja ina lake.

Unaweza kuyaacha mpaka ujifungue. Kwa upande wa vitamini A ndiyo njia tulivu kuliko zote, na hata kliniki nyingine zitakwambia hivyo. Gharama yake ni foleti, ambayo vidonge vinaifidia ukivimeza kweli, na moyo wa mkwe wako, ambao hauna kidonge. Unaweza kupunguza: viberiti viwili vya ini mara moja kwa wiki ni mikrogramu 3,000 zilizogawanyika siku saba, haizidi mahitaji. Njia hii nzuri kwenye karatasi, lakini mpishi akiwa yule anayesimama mlangoni, viberiti viwili huwa vitano bila mtu kukusudia. Ukiichagua, kata mwenyewe, kata likiwa bichi, maana ini likikaangwa husinyaa na macho hudanganyika. Muulize pia daktari wako kabla, kwa kuwa umeshakula mengi na akiba ya mwilini mwako haimwagiki kwa siku mbili.

Na kuna njia ambayo huenda haijapita mawazoni mwa mtu yeyote nyumbani kwenu: kubadilisha kiungo. Moyo wa ng'ombe una chuma zaidi ya miligramu 4, B12 ya kutosha na kubaki, na vitamini A hauna. Ni msuli, kwa kweli, msuli usiopumzika. Figo zina chuma kama cha ini na vitamini A mikrogramu 400 hivi tu, sehemu ndogo ya ile ya ini. Ini la kuku lina chuma zaidi kuliko la ng'ombe, karibu 9, na foleti maradufu, lakini vitamini A yake nayo ni zaidi ya 3,000 kwa gramu 100, hivyo ini la kuku mmoja mara mojamoja si sawa na sahani. Supu ya utumbo, ambayo watu huisifia kwa damu, ina chuma kisichofika hata miligramu moja. Inywe kwa utamu wake.

Halafu bandama. Gramu 100 za bandama la ng'ombe huwa na chuma zaidi ya miligramu 40, na vitamini A hakuna. Usiruke kwa furaha, sehemu kubwa ni kile cha akiba nilichokutajia, hakiingii chote mwilini. Lakini bado ni kingi. Na mkwe wako anaposema dini imeyataja maini, amesema kweli: katika hadithi ya damu mbili zilizohalalishwa, ini limetajwa pamoja na bandama. Siku ukimwomba bandama, hujatoka nje ya maneno yake.

Vitu hivi vya ndani vyote huharibika upesi kuliko nyama, vina damu na maji mengi, na joto letu halisubiri. Mtu wa mkwe wako anafanya vizuri kuleta asubuhi. Vipikwe siku hiyohiyo, na lile la "yakibaki nala kesho" liishe, hasa kama friji inategemea umeme unaokatika. Ini zuri lina rangi moja, linateleza na kung'aa, likibonyezwa linarudi. Likikatwa, angalia mirija: ikiwa imekakamaa, myeupe, inatoa kitu kama mchanga au vijani bapa vya kahawia, hiyo ni minyoo ya ini, na ini la hivyo mkaguzi wa nyama hutakiwa kulikataa. Nyama isiyo na muhuri wa mkaguzi, hata ikiletwa na rafiki, ina swali.

Moyo upasue, utoe damu iliyoganda kwenye vyumba vyake, ukate mafuta na mirija myeupe, kisha vipande vyembamba kukata nyuzi. Ukiukata kufuata nyuzi utatafuna mpaka adhana nyingine. Uchemshe pole pole saa moja na nusu hivi na tangawizi, ndipo uukaushe na vitunguu. Bandama livuliwe ngozi, lichemshwe dakika 20, maji ya kwanza yamwagwe, ndipo likaangwe. Lina harufu yake, ndimu na kitunguu saumu visione haya. Kwa mjamzito hakuna kitu cha kuacha na wekundu ndani. Lakini ini nene likikaangwa mpaka nje liwe kavu huwa kandambili, kwa hiyo dawa ni kulikata jembamba, nusu sentimita, ligeuzwe mara moja, liive mpaka ndani kabla halijakauka nje.

Mume wako asihamie kwenye vyakula hivi vipya. Jongo huamshwa na purini, vitu vya asili vilivyomo kwenye nyama, na maini, figo, moyo na bandama zote zinazo kwa wingi. Dagaa pia. Steki inazo lakini kiasi, naye ndiyo aile kwa kiasi, na maji anywe. Lakini kuwa steki ni yake haina maana kuwa si yako. Sufuria moja ya mchuzi wa steki inawatosha wote wawili, na "malizaneni na mama" yake angeweza kuibadilisha kuwa sentensi moja tu mbele ya mama: "Na yeye muwekee."

Mkwe wako sasa. Umeandika kwamba anakupenda, na umeiweka mwishoni kana kwamba ni kipingamizi. Mimi naona ndiyo njia. Aliloliona yeye dirishani si mjamzito anayeogopa vitamini A. Aliona mkono wake unatupwa kwa paka. (Paka naye, nikwambie, akilishwa maini kila siku kwa miezi hukakamaa shingo. Si kila kitu kinachopendwa na mlaji kinamfaa.) Hajui kwamba uliogopa. Unadhani ukimweleza atahisi umemkosoa, na inawezekana akahisi hivyo, hasa maneno yakianza na "wifi kasema" au "simu imesema". Unaweza kuanza na samahani ya paka, peke yake, bila hesabu yoyote nyuma yake, ukaiacha ilale siku moja. Kisha ukamwomba mfuatane kliniki siku ya kadi. Mambo ya kikomo na viberiti yakitoka kwa muuguzi, kwa heshima, yeye akiwa amekaa kwenye kiti na si wewe uliyesimama jikoni, huwa mepesi kuyapokea. Hatari yake ni kwamba muuguzi mwenye haraka anaweza kumkemea mbele za watu. Mtangulie ukaseme naye pembeni: huyu ndiye anayenipikia, naomba umweleze taratibu.

Na kuna kazi inayomsubiri. Mtu anayeweza kusimama mlangoni mpaka sahani iishe, anaweza kusimama na kidonge na glasi ya ukwaju kila usiku. Mwombe hivyo: "Mama, mimi mwenyewe nilivishindwa, nisimamie." Jumanne alete moyo, Ijumaa bandama, au samaki, au steki ya kutosha watu wawili, kadiri mtakavyoona na daktari. Damu ikianza kuitikia vidonge, kwa kawaida hupanda kama gramu moja, yaani 9.4 ikawa 10.4 hivi, ndani ya wiki mbili hadi nne, kwa hiyo kipimo kijacho kitawaambia mengi. Isipopanda na vidonge umevimeza kweli, basi ile habari ya minyoo na kichocho isisubiri.

Kuna moja hukuniuliza. Mwanao wa miaka mitatu, kikomo chake cha vitamini A kwa siku ni mikrogramu 600, na vipande vyake viwili vitatu kila Jumanne na Ijumaa vinamfikisha hapohapo, pengine kumpitisha. Kwake maini ni chakula kizuri sana, simnyimi. Ila kiberiti kimoja kwa wiki, kimeiva, kimekatwa vidogo, kinamtosha, na bibi yake anaweza kuendelea kumpa kwa mkono wake mwenyewe.